Miguu ya Beldina na Kiti cha Sondu

Beldina wa Kombewa alipokuwa na nguvu zake, hakuna aliyemhurumia, na yeye hakuomba kuhurumiwa. Kwa miaka thelathini hivi alishuka ziwani asubuhi, akajaza samaki kwenye karai, akajitwika kichwani na kupanda nalo mpaka soko la Kombewa. Mchana akiuza, jioni akilima. Alizaa watoto saba, akazika wawili, na hata alipokuwa mjamzito karai halikupunguzwa samaki. Kwenye kile kipande cha mlima, wanaume walikuwa wakiteremka kwenye baiskeli zao na kuzisukuma, naye anawapita na mzigo wake kichwani, anawauliza kama wangependa awabebee na baiskeli. Mdomo alikuwa nao, tena si mdogo.

Mwaka wa 1986 mwanawe wa kwanza, Gordon, aliyekuwa amepata kazi ya ofisi Kisumu, alikuja nyumbani na pikapu ya kukodi. Nyuma kulikuwa na kiti cha sofa, kile cha kuzama, kitambaa chake rangi ya damu ya mzee. Akakishusha, akakiweka sebuleni mahali ambapo kila anayefika mlangoni lazima akione. Kisha akamwambia mama yake, "Mama, kazi umefanya ya kutosha. Kuanzia leo yako ni kukaa." Mkewe Nasambu, msichana wa Kibukusu aliyebaki nyumbani kumtunza mama mkwe, aliitikia kwa kichwa. Alijua maana yake: kuni, maji, shamba na jiko vyote vilikuwa vyake.

Kwa watu wa kando ya ziwa, hilo si jambo dogo. Mama anayechotewa maji na mke wa mwanawe huku yeye ameketi, huyo amezaa vizuri, na kila mtu anamwonea wivu. Wanawake wa Kombewa walikuja kukitazama kile kiti mmoja mmoja. Walikibonyeza kwa kidole, wakasema Mama Gordon ameolewa upya, safari hii na sofa. Beldina alicheka kuliko wote. Akakaa. Na wewe ungekaa, usijifanye.

Akakaa miaka mitano.

Nguvu zilimtoka bila kuaga. Mwaka wa kwanza alikuwa bado anainuka kufukuza kuku. Mwaka wa pili akawa anawarushia ndala. Mwaka wa tatu akamwita Nasambu kutoka shambani aje awafukuze. Mapaja yaliyopanda mlima na karai la samaki yalilegea mpaka ngozi ikaning'inia. Yeye akasema ni uzee tu, na kweli uzee ulikuwepo, maana sitini alikuwa ameshaipita. Lakini wenzake wa rika lake waliobaki na majembe yao walikuwa bado wanachuchumaa kwenye mahindi na kuinuka bila hata kushika goti. Aliwaona kutoka dirishani. Hilo hakulisema kwa mtu.

Badala ya kusema, alijifunza ujanja. Popote alipokwenda alikuwa wa mwisho kuinuka, ili asionekane akiinuka. Kanisani watu wakisimama kuimba, yeye alishika goti na kukunja uso, na mchungaji akamwombea goti ambalo halikuwa na ugonjwa wowote. Nyumbani alivuta meza karibu na sofa, akaishika kwa mikono miwili, akajisukuma mbele mara tatu, moja, mbili, tatu, ndipo akanyanyuka. Alimwambia Gordon achimbie nguzo ya kushikia chooni. Akasema ni kwa ajili ya wageni. Wageni gani hao wanaohitaji nguzo, Gordon hakuuliza.

Desemba ya 1991 ndipo mambo yalipoharibika. Binti yake wa mwisho, Anyango, alikuwa ameolewa Sondu na mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Dalmas, na siku ikafika ya mama na wanawake wa kwao kwenda kuona nyumba ya mtoto wao. Walikwenda wanane. Saba walibeba unga, maharagwe na kuku. Beldina alibeba mkoba wake.

Mama yake Dalmas, mjane aitwaye Turfena, aliwapokea kwa heshima zote. Alikuwa na kiti kimoja cha zamani, cha mbao nzito, kifupi, chenye mto uliobonyea katikati, ambacho watoto wa nyumba ile hawakuruhusiwa hata kukiegemea. Hicho ndicho alichompa Beldina. Beldina alikitazama kile kimo chake, akatazama pembeni kama kuna meza ya kushikia, hakuiona. Angeweza kuomba stuli iliyoinuka zaidi. Aliona aibu kuomba stuli mbele ya mtu anayempa kiti cha heshima, akakaa.

Walikula, wakaomba, wakaagana. Wale saba wakatoka nje kukusanya vikapu, kila mmoja akidhani Beldina yuko nyuma yake. Ndani alibaki yeye, na Turfena aliyekuwa anaondoa vyombo. Beldina akajisukuma. Moja, mbili, tatu. Hakuna. Akajisukuma tena, kwa nguvu zaidi, na safari hii makalio yalitoka kwenye kiti lakini miguu haikuyapokea. Akateleza mpaka chini, mguu mmoja umekunjika, mkono umening'inia kwenye kiti. Turfena akaita.

Aliyekuja ni Dalmas.

Msomaji wa mbali inabidi aambiwe jambo hili, wa karibu analijua. Mama wa msichana na mume wa binti yake hawagusani. Hawapeani mkono. Mkwe akija mlangoni anasalimu kwa mbali, na mama anafunika kichwa chake na kutazama pengine. Mama mwenye heshima anaweza kufa kabla hajamwona mkwewe kwa karibu, na watu wakamsifu. Sasa huyu mwalimu, kijana mzuri asiye na hila, aliona mtu mzima ameanguka, akasahau mila yote. Akamshika chini ya makwapa, akamnyanyua kama gunia. Mikono ya Beldina ilijishikia shingoni kwake bila yeye kutaka. Kilemba kikamvuka, kikaangukia begani kwa mkwewe, na mvi zake zikabaki wazi. Wakati huohuo wifi yake, dada ya marehemu mumewe, akarudi mlangoni kumtafuta.

Dalmas alimwachia akatoka nje akitazama miguu yake mwenyewe. Turfena akaokota kilemba. Beldina alihisi uso wake unaungua, akatamani ardhi ya Sondu ipasuke immeze na aibu iishe.

Wakiwa kituoni wakisubiri gari, wifi alimsogelea. "Mama Gordon," akauliza polepole, "hiyo kiti ilikuwa na nini?"

Hapo angeweza kusema, kiti hakina kitu, mimi ndiye sina miguu. Maneno machache, na yote yangeisha. Lakini fikiria mtu aliyekuwa akipita wanaume wenye baiskeli, aliyeringa miaka mitano na sofa, aseme mbele ya wifi yake kwamba hawezi kuinuka kwenye kiti. Ulimi ulimgeuka.

"Sijui," alisema. "Nilipokaa tu, nilisikia baridi imeingia miguuni."

Wifi akawaangalia wale wengine, na wale wengine wakamwangalia yeye. Walipofika Kisumu kubadilisha gari hakuna aliyekuwa amesema neno uchawi, na hakuna aliyehitaji kulisema.

Maneno yana miguu kuliko Beldina. Januari yalikuwa Maseno. Februari yalikuwa yamerudi Sondu yalikozaliwa, yamenenepa, na Anyango akaja Kombewa akiwa amekonda. Alimkuta mama yake kwenye sofa, akaketi kwenye mkeka mbele yake.

"Mama, watu hawanunui mboga za mama Dalmas," alisema. "Anakaa nazo sokoni mpaka zinanyauka. Akimwalika mtu chai, huyo mtu anasema ana homa. Kanisani wanamwachia benchi peke yake. Na Dalmas haongei na mimi vizuri. Anasema kwetu ndiko maneno yalitoka. Amenituma nikuulize mwenyewe, ulisikia nini kwa hiyo kiti? Anasema asipopata jibu mpaka Agosti, shule zikifungwa, atanirudisha hapa na vitu vyangu."

Beldina alimtazama mtoto wake. "Mwambie nitakuja mwenyewe," alisema.

"Utakuja lini?"

"Nikipata nafuu."

Anyango aliinuka kwenye ule mkeka, mara moja, bila kushika chochote, na mama yake akayaangalia yale magoti kwa wivu. Wivu kwa mtoto wa kuzaa, hebu ona. Usiku ule hakulala vizuri, si kwa huruma peke yake, kwa hasira pia, na hasira yenyewe hakujua aitupe kwa nani. Asubuhi alikuwa na mpango. Angeipata miguu yake. Angekwenda Sondu, akalie kiti kilekile, ainuke mbele ya macho ya watu wote, na maneno yangekufa yenyewe. Hangelazimika kukiri kitu. Ulikuwa mpango wa mwoga, lakini alikuwa nao.

Akaenda hospitali. Muuguzi aliyempokea aliitwa Nasipwondi, mwanamke mfupi asiye na muda wa kupoteza. Alimwambia Beldina akae kwenye benchi akunje mikono kifuani, kisha ainuke. Beldina hakuinuka. Nasipwondi akambonyeza mapaja kama mtu anayenunua maparachichi.

"Nani anachota maji kwako?"

"Mke wa mwanangu."

"Nani analima?"

"Mke wa mwanangu."

"Nani anapasua kuni?"

Beldina akavuta leso yake mapajani.

"Basi mke wa mwanao ana miguu mizuri sana," Nasipwondi alisema. "Sikia, Mama. Umri ukienda, nyama ya mguu inapungua yenyewe, kila mtu, hata mimi. Hiyo hatuwezi kuizuia yote. Lakini hii yako nyingi haikuliwa na umri, imeliwa na kukaa. Msuli usiotumiwa mwili unaona hauna kazi, unauacha uishe. Ukiutumia unarudi, hata kwa mtu wa miaka themanini. Si wote, lakini unarudi."

"Kwa dawa gani?"

"Kuinuka na kukaa. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Ukiona rahisi, fanya iwe ngumu. Ubebe maji. Na ule maharagwe na omena, hawa dagaa wa ziwani, si chai na mkate tu."

Beldina alitegemea sindano. Alitoka pale amekasirika, lakini alipofika nyumbani alikunja mablanketi manne akayapanga juu ya sofa mpaka kimo chake kikalingana na benchi la kanisa. Akakaa juu yake, akakunja mikono, akainuka. Mara ya nne mapaja yalitetemeka. Mara ya saba alilia kwa maumivu. Alifika tisa. Siku ya pili hakuweza hata kutembea kwenda chooni bila kuugulia, na akamtukana Nasipwondi kwa Kijaluo kwa vile hakuwepo. Siku ya tatu alianza tena.

Baada ya majuma matatu aliondoa blanketi moja. Machi ilipoisha aliondoa la pili. Kwa maji alianza na mkebe wa mafuta ya kupikia, wa kilo mbili, akaenda nao mpaka kisimani akaurudisha umejaa nusu. Na hapo ndipo alipomuumiza mtu mwingine tena. Wanawake walimwona njiani na mkebe wake, wakatikisa vichwa, wakasema yule msichana wa Kibukusu amechoka na mama mkwe, sasa anamtuma maji. Nasambu aliyafunga yale maneno moyoni mpaka siku moja akapiga magoti mbele ya Beldina.

"Mama, nimekukosea nini? Niambie nirekebishe. Wananiita mkatili."

Gordon naye akaja kutoka Kisumu, hakuvua hata koti, akamfokea mkewe mbele ya mama yake. Beldina alisikiliza akiwa juu ya mablanketi mawili. Aliona wazi kabisa kwamba hii ni Sondu ya pili, mtu mwingine anabeba mzigo wa miguu yake. Safari hii alijikaza.

"Mwache mtoto wa watu," alisema. "Maji nimejitakia. Wewe uliniletea kiti kwa mapenzi, nikakikalia kwa ujinga. Sasa siwezi kuinuka. Ndiyo hiyo."

Gordon akavua koti. Nasambu alifuta macho kwa leso, na kuanzia kesho yake wakawa wanakwenda kisimani wawili, wanaonekana na watu wote. Beldina alishangaa jinsi ukweli ulivyokuwa mwepesi kuusema. Ulikuwa mwepesi kwa sababu alikuwa ameusema kwa watu wanaomlisha. Ule wa Sondu aliuacha palepale ulipokuwa.

Mei blanketi la mwisho lilitoka. Juni alikuwa anabeba ndoo ya lita kumi kichwani, shingo imenyooka. Julai alishika jembe. Alichuchumaa kwenye mistari ya maharagwe akainuka, akachuchumaa akainuka, na nguzo ya chooni ikaanza kufunga utando wa buibui. Maji yale aliendelea kuchota mpaka mwaka wa 1998 alipofariki, na watu wa Kombewa ukiwauliza leo watakuambia habari za ndoo yake. Habari za Sondu hawapendi kuzisema, kwa heshima yake.

Agosti shule zilipofungwa, alikwenda. Alijitwika kikapu cha mtama mwenyewe na kupanda nacho kutoka barabarani mpaka kwa Turfena, wifi yake nyuma akihema. Anyango alimpokea uani, hakutabasamu. Sebuleni kulikuwa na wanawake sita au saba wa jirani, maana habari ya kuja kwake ilikuwa imetangulia. Dalmas alisimama nje ya mlango, kwa mbali, kama inavyotakiwa.

Beldina aliingia akitafuta kiti. Pale kilipokuwa palikuwa patupu.

Turfena alikuwa amezeeka kwa miezi minane zaidi ya inavyowezekana. Alitandika mkeka sakafuni, mbele ya watu wote. "Viti vya nyumba hii vinaogopwa," alisema bila ukali. "Keti hapa, mama."

Beldina akaketi chini, akanyoosha miguu. Chai ikaja. Hakuna aliyeinywa. Beldina akafanya kile alichokuja kufanya: alikunja miguu, akaiweka mikono kifuani, akainuka kutoka sakafuni. Mara moja, bila kushika mtu, bila kushika ukuta. Hata yeye mwenyewe hakuwahi kuinuka vizuri hivyo.

Chumba kizima kikavuta pumzi. Kisha mwanamke mmoja pale pembeni akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kutosha, "Si unaona? Kiti kimechomwa, miguu imerudi."

"Nilisema mimi," mwenzake akajibu.

Wote wakageuka kumtazama Turfena. Turfena aliinamisha kichwa. Hakujitetea, alikuwa amechoka kujitetea. Na Beldina, aliyesimama wima katikati ya sebule kwa miguu aliyoitafuta tangu Februari, alielewa kwamba kila alipoinuka juu ya yale mablanketi, kila ndoo aliyobeba, alikuwa akimtengenezea ushahidi huyu mjane. Angekuja akiburutwa, ingekuwa afadhali. Anyango alikuwa anamwangalia. Macho yake hayakuwa na hasira, yalikuwa yanasubiri tu.

"Sikulogwa," Beldina alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Sikulogwa. Kiti hakikuwa na kitu. Nilikalishwa nyumbani miaka mitano, nikakaa, miguu ikaisha. Nilipoanguka hapa niliona aibu kusema. Nikasema nimesikia baridi. Nilidanganya."

Wifi yake alishika mdomo. Wale wanawake walitafuta mahali pa kutazama, wengine wakaanza kuvuta leso zao waondoke. Turfena peke yake ndiye hakusogea.

"Kilikuwa cha mzee wangu," alisema mwisho. "Alifia juu yake. Nilikibeba mwenyewe nyuma ya jikoni, nikawaita watu waje wanione nikikichoma, ili waniamini. Mbao yake ilikuwa ngumu. Kiliungua siku nzima."

Kisha akainama, akaukunja ule mkeka, akauweka kwapani na kutoka nao. Dalmas akamfuata mama yake. Anyango alisimama kidogo mlangoni, akamtazama mama yake, halafu naye akaenda walikoenda wao, kama mke wa nyumba ile.

Hakuna aliyemwambia Beldina akae, na hapakuwa na pa kukaa. Alibaki amesimama katikati ya chumba, mikono mitupu, akitamani ile miguu yake ya mwaka jana, ambayo wakati kama huu ingelegea na kumwangusha, watu wakamhurumia. Alisimama mpaka chai ikapoa. Miguu haikutetemeka hata kidogo.